Walikoliweka Titi la Consolata

Tulimzika Sista Zamzam siku ya Ijumaa, baada ya swala ya adhuhuri, na kufikia saa tisa nilikuwa nimeshaketishwa mkekani uani kwake Makina, sahani mbele yangu, naambiwa nile. Mambo ya Waislamu wa Kibera hayana kungoja. Asubuhi unapigiwa simu, mchana mtu yuko chini, alasiri unakula. Kwetu sisi, siku hiyo tungekuwa bado tunabishana nani awe mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Makaburini nilisimama nyuma kabisa kwa sababu sikujua mikono niiweke wapi, mpaka mzee mmoja akanivuta shati akaniambia nisimame popote, marehemu hakuwa mtu wa kuchagua watu. Sasa nikiwa pale mkekani nikawasikia wanawake jikoni wakizungumza, sauti zao zikipita juu ya ukuta wa mabati. Mmoja alisema Sista alikula kila nyumba ya Kibera hii, hata zile ambazo wenyewe wanaogopa kula. Mwingine akasema kuna siku alipewa githeri iliyoanza kuchacha, akaimaliza, akaomba chumvi. Wakacheka, halafu nikasikia mtu akipenga kamasi. Mimi nilikuwa na kipande cha gurusa mkononi, ule mkate mwembamba wa Wanubi, nikakirudisha sahanini. Nina mvi sasa, nimestaafu, wauguzi wadogo wananiita mwalimu, lakini nililia pale pale mbele ya watu na sikuona haya.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni ule wa kwanza niliofanya kazi chini yake. Habari za kwetu nitaziacha, hazihusiki. Inatosha kusema nilikuwa na miaka ishirini na minne, jina langu Kimeu, na nilipelekwa kliniki ya saratani bila kuulizwa kama nataka. Wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa. Mimi mwenyewe niliingia siku ya kwanza nikidhani nitakuta watu wanakufa mfululizo, nikajikaza kisabuni, nikafungua mlango. Nikakuta wanawake saba wamekaa kwenye viti vya plastiki, dripu zikining'inia juu yao, wanabishana kuhusu namna ya kupika matumbo yasinuke. Hapo ndipo udadisi ulinishika, na haujaniachia hadi leo. Niligundua kwamba kazi ya muuguzi wa saratani haihusu kifo kama watu wanavyodhani. Inahusu choo kigumu, vidonda vya mdomo, kichefuchefu, kucha zinazogeuka nyeusi, nani atamchotea mtu maji akiwa hawezi kuinua ndoo. Nilikuwa nauliza maswali kutwa nzima. Kwa nini dawa hii ni nyekundu? Kwa nini ladha ya maji inabadilika mdomoni mwa mgonjwa? Kwa nini huyu nywele zimenyonyoka na yule nyusi zimebaki? Sista Zamzam, muuguzi mkuu wetu, alikuwa mnene, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alinijibu yote akiwa anaendelea na kazi. Alichonikataza ni kumuuliza mgonjwa anajisikiaje. Alisema hilo swali ni la uvivu, niulize jana alikula nini, mengine yatakuja yenyewe. Na kweli yalikuja.

Jumatatu na Alhamisi tulitoka kwenda nyumbani kwa wagonjwa, Kibera siku moja na Kawangware siku nyingine. Hatukuvaa sare, maana landilodi akiona sare mlangoni anaanza kumhesabu mpangaji wake kama marehemu. Na tulikuwa na utaratibu mmoja ambao sijauona kwa muuguzi mwingine yeyote: begi halifunguliwi kabla hatujala. Chochote kitakachowekwa mezani, chai ya rangi, mkate mkavu, ndizi nusu, tunakula kwanza, halafu ndiyo dawa zinatoka. Mwanzoni nilidhani ni ulafi, nikamwambia, kwa sababu wakati huo sikuwa na breki. Hakukasirika. Alisema ukifungua begi kwanza umekuja kuuona ugonjwa, ukila kwanza umekuja kumwona mwenye nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayejua mambo. Mwaka ule nilinenepa hadi suruali zikanikataa.

Safari nyingine tulipitia Soko la Toi kununua sidiria. Ndiyo, sidiria. Sista alikuwa na kawaida ya kuwatengenezea wanawake waliokatwa titi kitu cha kujaza ile nafasi, na alisema sidiria ya mtumba imeshalainika, haichubui kovu. Basi mimi, kijana mzima, nilisimama kwenye lile rundo nikishika mfuko wazi huku yeye akichagua, akizivuta mikanda, akizigeuza, akiniuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wauza viatu kama nafikiri hii ingemtosha Consolata. Wauzaji walinitania kweli. Mmoja aliniuliza kama ninajinunulia. Nyumbani kwake Makina, Sista alishona mfuko mdogo ndani ya kila sidiria na kuujaza nafaka ya wimbi iliyokaushwa vizuri, kwa sababu pamba ni nyepesi na mwanamke aliyezoea uzito pande zote mbili huanza kutembea upande bila kujijua, bega likamuuma. Alikuwa anapima kwa mkono. Anashika mfuko kiganja hiki, anafumba macho, anaongeza konzi, anapunguza. Nilimuuliza anajuaje uzito wa titi la mtu mwingine. Akasema nioe kwanza halafu nirudi na swali hilo.

Huyo Consolata ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mtu wa ziwani, mrefu, mwenye mwanya na kicheko cha kupasua mabati, akiishi chumba kimoja pale mtaa wa Kongo, Kawangware. Kabla ya ugonjwa alikuwa mama fua. Walipomkata titi la kushoto na tezi za kwapani, mkono wa upande ule ukawa haumudu tena kukamua blanketi, akaanza kuuza omena mlangoni pake. Baada ya kukatwa alitakiwa apate dripu sita za kemo, moja kila wiki tatu. Alipata tatu. Ya nne hakuja. Wiki ikapita, ikapita ya pili, na Sista, ambaye hakuwa mtu wa kuhangaika, akaanza kutazama kiti chake kila Jumanne. Niliuliza kama dripu tatu hazitoshi. Aliniambia kwamba ukiacha katikati ni afadhali usingeanza. Kilichobaki mwilini kinapumzika, kinarudi na nguvu zake, na akichelewa zaidi hatakuwa wa kurudishwa. Mumewe alikuwa kwenye kazi za mjengo huko mbali na simu yake haikuwa ikipatikana. Kwa hiyo tulichukua begi, ile sidiria ya Toi juu kabisa, tukaenda Kongo.

Nakikumbuka kile chumba kuliko vyumba vingi nilivyolala mimi mwenyewe. Pazia la maua liligawa kitanda na kochi, kalenda ya kanisa ilikuwa ya mwaka uliopita lakini bado imening'inia kwa sababu ya picha yake, na jiko la mafuta lilikuwa limekaa juu ya stuli pembeni mwa mlango. Alitupikia omena kwa nyanya nyingi na ugali mgumu, akatuangalia tukila, akaniuliza kama Wakamba hawafundishwi kula samaki mbona natoa vichwa. Kila kitu kilikuwa sawa. Alisema hakuja kliniki kwa sababu alikuwa na shughuli. Sista alipompa ile sidiria aliijaribu nyuma ya pazia, akatoka akageuka huku na huku, akacheka, akasema sasa hata akipita stejini hakuna wa kumwangalia mara mbili. Halafu landilodi, mzee mmoja wa pale pale Kawangware ambaye babu yake alikuwa na shamba mahali ambapo sasa pamejaa ploti za kupangisha, akabisha kujua ni wageni gani hao. Sista akatoka kupiga naye domo ili atuondokee. Tukabaki wawili. Consolata akakaa kitandani, akaacha kucheka, akauweka mkono juu ya lile titi la wimbi.

"Daktari, hii nashukuru," alisema. Waliniita daktari wote, na nilikuwa nimeacha kuwasahihisha. "Lakini ile yangu mliiweka wapi?"

Ngoja niseme ukweli: hilo swali halikuwahi kunipitia kichwani, mimi mwenye maswali elfu. Niliwahi kujiuliza kwa nini kucha zinageuka nyeusi, lakini sikuwahi kujiuliza titi likishakatwa linaenda wapi. Nikamtazama usoni nikaona kwamba hiyo ndiyo shughuli iliyomzuia kuja. Nikaogopa. Nilitaka arudi Jumanne, nilitaka Sista aingie akute mambo yametulia, na nadhani nilitaka pia kuonekana najua. Basi nikamwambia limezikwa. Akauliza wapi. Nikasema nyuma ya hospitali, kuna mahali pa heshima. Na kwa kuwa mwongo hajui kusimama, nikaongeza kwamba kuna mti. Alishusha pumzi ndefu, uso wake wote ukalegea, akaniongezea omena kwenye sahani. Sikujua, kwa ujinga wangu, kwamba kwa watu wa kwao mwili unatakiwa ulale nyumbani ukiwa mzima, na kinachopotea lazima kijulikane kilipo, la sivyo mwenyewe hatulii na watoto wake hawatulii. Kwetu hatuna mambo hayo sana. Nilidhani nimempa neno la kumfariji tu, kumbe nimempa anwani.

Jumanne alikuja. Sista alinipiga begani kwa furaha, nami nikajiona bingwa. Lakini Consolata hakukaa kwenye kiti cha dripu. Alikuwa amekuja na mama mkwe wake, bibi mwembamba aliyevaa sweta juu ya sweta, ambaye sote tulimwita Dani, yaani nyanya kwa lugha yao, kwa sababu Consolata ndivyo alivyomwita. Dani alikuwa ametoka ziwani kwa ajili hiyo tu. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe kilichokunjwa vizuri, na Consolata akanieleza, akiwa ametabasamu, kwamba wanataka kuonyeshwa ule mti, wachote udongo kidogo wa chini yake, Dani aupeleke nyumbani ukalazwe, halafu yeye atarudi hapa adungwe hizo dripu zote bila kelele. Wagonjwa wale wengine walikuwa wanasikiliza. Nikasema twendeni. Mpaka leo sijui nilikuwa nategemea nini, labda nilitumaini kwamba nyuma ya hospitali hakutakosekana mti, kwani Nairobi miti imepungukia wapi?

Hakukuwa na mti. Kulikuwa na chumba cha kufulia, kamba ndefu za mashuka, rundo la vitanda vilivyovunjika, na mwisho kabisa jengo dogo lenye bomba la moshi. Tulisimama. Dani akaangalia huku na kule, akasema neno, na Consolata akanitafsiria kwamba anauliza mti uko wapi. Nikasema ulikatwa. Ninaandika hivi na masikio yananiwaka moto. Dani akasema basi kisiki kinatosha, niwaonyeshe kisiki. Wakati huohuo mwanamume mwenye buti za mpira akapita akisukuma mkokoteni wa mifuko myekundu, akafungua mlango wa lile jengo dogo, akaingia nayo. Consolata aliifuata ile mifuko kwa macho. Akaangalia bomba, akaangalia moshi. Akarudisha macho kwangu, taratibu kabisa.

"Mmeichoma," alisema. "Na ulikula kwangu."

Hakupiga kelele. Alimshika Dani mkono, wakarudi kwa njia ile ile kupita chini ya mashuka, wakatoka getini. Dripu yake ya nne ilikuwa imeshachanganywa na ilimwagwa jioni. Nilidhani Sista atanipasua. Aliniketisha kwenye kiti cha Consolata, akavua miwani, akaniuliza niliulizwa nini. Nikamwambia. Akauliza kama nilikuwa najua jibu. Nikasema hapana. Akauliza kwa nini basi sikusema sijui. Akaupangusa ule mkono wa kiti kwa spiriti ingawa ulikuwa safi, halafu akasema jambo ambalo halikunitoka tena: kwamba yeye pia hajui. Miaka yote ile amefunga vidonda, ameshona sidiria, amekula nyumba za watu, na wanawake zaidi ya mmoja walimuuliza swali lile lile, naye aliwapa wimbi. "Niliona haya kuuliza," alisema. "Wewe huna haya. Nenda ujue."

Nikaenda. Nilianzia chumba cha upasuaji, ambako mhudumu mmoja alinionyesha ndoo nyeupe zenye vifuniko na kuniambia kila kitu kinachotoka mwilini kinatumbukizwa humo kwenye dawa, kinabandikwa jina na namba, kinapelekwa maabara ya chini. Sikuwahi kujua kuna chini. Nilishuka ngazi, nikapita chumba cha mabomba, nikafika kwenye mlango ambao ulinuka dawa kali ya kutoa machozi. Ndani alikuwepo mzee mmoja, Bwana Gichuhi, fundi wa maabara, anakula njugu karanga kutoka mfukoni huku redio ndogo ikimhubiria. Alifurahi kuniona kama mtu ambaye hajatembelewa tangu uhuru. Nilimuuliza swali langu naye akazima redio. Akanieleza kwamba titi likifika, daktari wa vipande hulikata kama mtu anayekata mkate, akitafuta ugonjwa umefika wapi. Vipande vichache, kila kimoja si kikubwa kuliko ukucha wa dole gumba, vinatiwa kwenye nta, vinagandishwa. Sehemu iliyobaki inawekwa wiki kadhaa mpaka majibu yatoke, kisha inachomwa pamoja na za wengine. Nikasema kwa hiyo imechomwa. Akasema nisikilize vizuri: iliyobaki ndiyo imechomwa. Vile vipande vya nta havichomwi. Alinyanyuka, akanipeleka chumba cha pili, na huko kulikuwa na makabati ya droo nyembamba kutoka sakafuni hadi darini, na kila droo imejaa vidude vya nta, mamia kwa mamia, vimepangwa kwa namba. Vinahifadhiwa miaka mingi, alisema, ili ugonjwa ukirudi waweze kulinganisha. Juu yetu watu walikuwa wanatembea, wanalalamika foleni, na hawajui kwamba wako chini vilevile. Nilimpa namba ya Consolata. Alivuta droo ya saba kutoka chini, akapitisha kidole, akasema, "Huyu hapa." Hakusema hii hapa. Alisema huyu.

Kongo nilikwenda peke yangu, Sista alikataa kunisindikiza. Siku hiyo sikupewa hata maji. Consolata alinifungulia mlango kwa sababu majirani walikuwa wanaangalia, akanionyesha kochi, akaendelea kuchambua omena, na Dani alikuwa kitandani amekunja miguu. Nikasema nimekuja kusema kile ninachojua, na nikikosa kujua nitasema sijui. Nikawaeleza yote, ndoo, dawa, kisu, moto. Consolata alikuwa akimtafsiria Dani bila kunitazama. Dani aliuliza kama lilichomwa peke yake au na ya watu wengine. Nikasema na ya watu wengine. Akauliza kama kuna mtu anayesema neno wakati wa kuchoma. Nikasema sijui, lakini yule mtu wa buti sikumwona akisema. Ndipo nikawaambia kuhusu droo. Mikono ya Consolata ikasimama ndani ya omena. Dani alipotafsiriwa aliinuka akaketi sawasawa, akataka nimwonyeshe ukubwa, nikamwonyesha ukucha wangu. Akazungumza kwa muda, polepole, na Consolata akanipa kwa Kiswahili: kwamba kwao mtu akizama ziwani asipatikane, huzikwa tunda la mti wa yago mahali pake, lile refu lenye ukubwa wa mkono wa mtu. Hakuna mjinga anayedhani lile tunda ndilo yeye. Lakini panakuwa na mahali ambapo unaweza kunyoosha kidole. Dani alisema kipande cha mwenyewe, hata kiwe kidogo vipi, ni bora kuliko tunda, mradi mtu akakione kwa macho yake, kwa sababu huyu kijana ameshaonyesha mti ambao haupo.

Bwana Gichuhi alikuwa ameambiwa na wakubwa wake aseme haiwezekani, na nafikiri sheria ilikuwa upande wa kukataa. Lakini alinihoji kidogo, akatafuna njugu, akasema hajawahi kusoma popote kwamba mtu anakatazwa kujitazama. Alipangusa meza, akavaa koti safi. Consolata aliingia akiwa amejifunga kilemba cha kanisani, Dani nyuma yake na kile kitambaa cheupe. Consolata akawekewa kipande chake kiganjani. Kilikuwa kidude cha nta cheupe kilichoganda kwenye kikasha cha plastiki, namba imeandikwa kwa penseli ubavuni, na katikati ya nta kivuli cha rangi ya kijivu chenye ukingo usio sawa. Alikitazama sana. Gichuhi akamuuliza kama angependa kuona kwa karibu, akamwekea chini ya darubini kioo chenye utando mwembamba wa kipande kile uliotiwa rangi, akamfundisha kufumba jicho moja. Aliinama. Tulisubiri. Alisema kuna waridi na zambarau, ni kama leso. Akauliza ugonjwa ni upi. Gichuhi akasogeza kioo kidogo, akamwambia hapo penye zambarau nzito iliyosongamana. Akakaa hapo akitazama mpaka mimi nikachoka kwa niaba yake, na alipoinuka jicho lake lilikuwa limebaki na alama ya darubini. Dani alitaka kipande kifungwe kwenye kitambaa kiende. Gichuhi akaeleza kinawekwa kwa nini, na kwamba siku yoyote watu wa familia wanaweza kuja kukiomba kwa barua. Wanawake wale wawili wakajadiliana kwa lugha yao, si kwa ugomvi, kama watu wanaoamua samaki huyu akaangwe au achemshwe. Mwishowe Consolata alikirudisha mwenyewe kwenye droo, katika nafasi yake, akasukuma droo ikafunga. Aliisoma ile namba kwa sauti mara tatu ili aishike, na Dani naye akaisoma, kwa Kiswahili chake cha shida, mpaka akaipata.

Hapa naomba niseme mapema, ili usikae roho juu: dripu ya nne alipata siku ileile, na alimaliza zote sita. Nywele zilimrudia zikiwa na mawimbi ambayo hayakuwepo, akajivuna nazo. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mingi kuliko daktari yeyote alivyothubutu kusema. Na kutoka mwaka ule, kliniki yetu ilikuwa na utaratibu kwamba kabla ya kukatwa mtu anaambiwa kinachokatwa kitaenda wapi, hatua kwa hatua, na anayetaka kushuka chini anashushwa. Baadhi hawataki hata kusikia. Wengi wanashuka. Wengine wanapeleka waume zao. Sista Zamzam alishuka wa kwanza, siku iliyofuata, akakaa na Gichuhi asubuhi nzima akala njugu zake zote.

Lakini ninalolibeba mimi ni lile la juu, tuliporudi kwenye chumba cha dripu. Consolata aliketi kwenye kiti chake. Akaomba nimdunge mimi, si Sista, na wale wanawake wengine wakaacha maneno yao ya jikoni. Niliandaa sindano, nikafunga mpira kwenye mkono wa kulia, ule wa upande mzima, nikaanza kuutafuta mshipa. Mishipa yake ilikuwa imechoka na ile dawa nyekundu. Aliniangalia nikihangaika. Halafu akauvuta mkono wake kutoka kwangu, akauweka mapajani.

"Kimeu," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Nitapona?"

Chumba kizima kilikuwa kinasikiliza. Dani alikuwa amesimama mlangoni. Niliyajua yale maneno yote ambayo muuguzi mzuri huyasema, yalikuwa yamejipanga ulimini, ya matumaini, ya Mungu, ya kujikaza, na mengine hayakuwa hata uongo. Nilitaka sana apone. Nilimtazama Sista na Sista akageuka akaanza kukunja shuka lililokuwa limeshakunjwa.

"Sijui," nilimwambia.

Aliendelea kunitazama kwa muda, ule mwanya wake ukionekana kidogo tu. Kisha akakunja mkono wa blauzi hadi begani, akaunyoosha mkono wake mbele yangu, akafumba ngumi ili mshipa utokeze.

"Haya," alisema. "Dunga."